Kelele na Idhini: Habari za Kanuni za Sauti katika Mji wa Mombasa

Miongoni mwa mashauri ambayo wakazi wa Bondeni huyaleta mbele ya chama, hapana lirudilo mara nyingi kama shauri la kelele. Mmoja hulalamikia vipaza sauti vya arusi, wa pili mashine za fundi vyuma, wa tatu honi za tuktuk kabla ya jua kuchomoza. Na kila mmoja humaliza kwa neno lile lile, kwamba zamani haikuwa hivi. Kurasa hizi zimeandikwa ili kulipima neno hilo, maana kwa hakika mji huu haukupata kuwa kimya.

Waungwana wa pwani walikuwa na vyombo vya sauti kubwa kupita tarumbeta yoyote ya leo. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na urefu wake wazidi mita 2. Ile ya Lamu ni ya madini. Zote mbili zimehifadhiwa, na mtu aweza kuzitazama. Siwa ilipolia, mji mzima ulijua kuwa pana tawala au pana arusi ya watu wakubwa. Lakini haikupulizwa na kila aliyekuwa na pumzi. Ilikuwa na wenyewe walioitunza, na aliyetaka ilie katika arusi yake hakuwa na budi kwenda kwa wenye mamlaka, kuomba na kutoa ada. Mtu asiye na nasaba hakupewa. Basi sheria ya kwanza ya sauti katika miji yetu haikuuliza sauti ni kubwa kiasi gani. Iliuliza ni ya nani, na nani amempa idhini. Tusiipambe sheria hiyo kupita kiasi: ilikuwa ya haki kwa mwungwana, na kwa mtumwa ilikuwa mlango uliofungwa.

Mtaani palikuwa na kanuni nyingine, ndogo na zenye huruma zaidi, ambazo hazikuandikwa popote. Wanawake walipotoka kupiga vugo, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, walizima wafikapo mbele ya msikiti, kisha wakaendelea. Palipokuwa na matanga, wenye arusi walikwenda kwa wafiwa kuomba radhi, na pengine kuahirisha. Mwezi wa Ramadhani ngoma za furaha zilinyamaza, ikabaki ya daku. Hayo hayakuwa mapambo ya adabu tu. Katika Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba na kuta za mawe ni ndefu, na sauti ikiingia huko haina pa kutokea. Bondeni na Majengo, katika nyumba za vyumba sita, mara nyingi kuta za ndani hazikufika juu, na wapangaji wa vyumba vyote hulala chini ya paa moja. Kikohozi cha chumba cha mbele husikika chumba cha nyuma. Watu wakaao hivyo hawawezi kuishi pasipo kuombana.

Ng'ambo ya pili ya maji, Wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walianzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, wakatundika kengele. Husemwa kuwa kazi yake ya awali ilikuwa kuonya watu wanyang'anyi wa watumwa wakionekana. Hata leo mahali pale paitwa Kengeleni. Nafikiri yafaa kukumbukwa kila tuzungumzapo juu ya kelele: kuna sauti ambayo jirani huishukuru ikimwamsha usingizini.

Ndipo ikaja Beni. Katika miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu, waliokwisha kusikia bendi za wamisionari na za Sultani wa Unguja, walishika ngoma kubwa na tarumbeta, wakajipanga kama askari, wakajipa vyeo. Vyama kama Kingi na Scotchi vilishindana kwa mavazi, karamu na sauti. Wanawake nao walikuwa na vyama vya lelemama, na mashindano yao yaliendelea kwa miaka mingi, kwa nyimbo za mafumbo yaliyochoma kuliko matusi ya wazi. Hapo ndipo sauti ilipotoka mikononi mwa wenye nasaba. Watoto wa watumwa na wageni wa juzi walipita barabarani wakisikiwa na wote, wala hawakumwomba mtu siwa.

Serikali ya kigeni iliyakuta hayo yote. Kwa mapatano ya mwaka 1895 ukanda wa pwani ulibaki milki ya Sultani chini ya himaya ya Waingereza, na Liwali na Kadhi wakabaki katika nafasi zao. Juu yao ikaja Sheria ya Adhabu ya India, iliyokuwa na kifungu cha kero kwa umma, hata mwaka 1930 Kenya ilipopata Sheria yake ya Adhabu. Kosa la kero kwa umma limo humo mpaka sasa. Pamoja na sheria hizo kilikuja kibali: ngoma za barabarani zikatakiwa ziwe na ruhusa ya afisa. Lakini shabaha ya kibali hicho haikuwa usingizi wa mgonjwa. Maafisa waliogopa makundi, mapigano na siasa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka kisiwani humu mwaka 1896, wala hapana aliyeambiwa akate kibali cha filimbi ya gari la moshi. Meli za Kilindini zilipiga honi usiku na mchana, nayo ikaitwa kazi. Tari la mwanamke wa Bondeni likaitwa kelele.

Si haki, hata hivyo, kusema kuwa malalamiko yote yalitoka kwa Wazungu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, aliwakemea watu wake kwa israfu za arusi na ngoma. Yeye hakuogopa fujo. Alihesabu fedha za maskini zilizoishia barazani. Na wakati huo huo sauti ilikuwa imekwisha kupata chombo kipya. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, akarudi na santuri zilizosikilizwa pwani yote. Tangu hapo mwimbaji hakuhitaji kuwapo, wala kuchoka. Ngoma ya mkono hunyamaza mpigaji akichoka, mashine haichoki. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ilipokatika ile adabu ya zamani, maana yote yalijengwa juu ya pumzi na mikono ya binadamu, na aliyepiga alikuwa mtu wa kuonekana na kuombwa.

Sheria ya leo yatokana na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, na kanuni za kelele na mitetemo zilizotolewa chini yake mwaka 2009. Kanuni hizo zapima kwa desibeli. Nje ya nyumba za makazi, mchana ni 50 na usiku 35. Mahali pa ibada, mchana ni 40 na usiku 35. Hata mtaa wa biashara, unaoruhusiwa 60 mchana, usiku hurudi 35. Na usiku wenyewe huanza saa 2 na dakika 1 jioni. Sasa msomaji apime. Watu wawili wakizungumza kwa sauti ya kawaida, wamekaa karibu, hufika kiasi cha 60. Kwa hesabu hiyo wazee wawili barazani baada ya sala ya isha wamekwisha kuvunja kanuni kabla kahawa haijaletwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaka 30 ndani ya chumba cha kulala, nalo lilikuwa na sababu: usingizi uliokatwa kila usiku hudhuru moyo. Mfanyakazi wa bandari aliyetoka zamu ya usiku, alalaye mchana chini ya bati, aijua habari hiyo pasipo mwongozo. Lakini kanuni ambayo kila mtu huivunja kila jioni haimlindi. Humpa nguvu yule mwenye uwezo wa kuchagua nani ashitakiwe, na hapo twarudi kwenye siwa: si sauti ni kubwa kiasi gani, bali ni ya nani.

Hata hivyo kanuni zile zile zina sehemu ambayo wengi hawaisomi. Kabla ya hesabu ya desibeli, zakataza kelele isiyo na haja imuudhiyo mtu au kudhuru raha na afya yake, kisha zataja mambo ya kutazamwa: ni saa ngapi, ni karibu na makazi au mbali, yaja mara moja au haikomi, imekuzwa kwa umeme au mashine, yaweza kupunguzwa bila taabu kubwa. Mzee yeyote wa mtaa angeuliza maswali hayo hayo. Na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imekabidhi kaunti udhibiti wa kelele. Basi mlango u wazi kwa Mombasa kujiandikia utaratibu wake, unaoanzia kwenye maswali kabla ya kipimo, na unaomtaka mwenye kipaza sauti aende nyumba kwa nyumba kuomba radhi kabla ya kwenda ofisini kutafuta karatasi. Chama kimepokea maoni ya wakazi juu ya jambo hili, na kitayapeleka panapostahili.

Mmoja wa waliotoa maoni alikuwa mpiga ngoma ya daku. Tulimsomea kiwango cha usiku, akacheka, kisha akauliza kama kipimo hicho chajua kuwa nyumba ya tatu kutoka pembeni ina mwanamke aliyejifungua juzi. Afikapo pale huishusha ngoma begani, akapita kimya, na mlango wa jirani yake huugonga kwa vidole.