DAR - DUBAI KWA NDEGE: KILOMITA NGAPI, MASAA MANGAPI?

Wadau, hili swali haliishi, kwa wanaofuata mzigo Deira na kwa wanaokwenda kutafuta maisha. Leo tulimalize.

Toka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Dubai ni karibu kilomita 3,960 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya moja kwa moja inatumia kama masaa 5 na nusu, toka inapoanza kutembea hapa mpaka inaposimama kule.

Najua wajuaji washatoa kalkuleta: ndege inakata kama kilomita 850 kwa saa, sasa si masaa 4 na dakika 40 tu? Hesabu iko sawa, ila ndege hairuki kwa rula. Inatambaa kwanza kiwanjani, inapanda taratibu, na ikikaribia Dubai inapunguza mwendo mapema, siku nyingine inazungushwa juu kusubiri zamu ya kutua. Halafu ule mstari unapita Somalia na Yemen, na tangu vita vya Yemen vipambe moto 2015 mashirika mengi yanaikwepa anga yake, yanazungukia baharini na kuingilia Oman.

Haya, tiketi. Saa zinazoandikwa ni za mji husika, na Dubai wametutangulia saa 1. Ndiyo maana ukitoa saa ya kufika na ya kuondoka, kwenda unapata masaa 6 na nusu, kurudi 4 na nusu. Safari ni ile ile, usimwambie mtu ndege ya kurudi ina mbio.

Kinacholiza watu hasa ni saa za usiku. Tiketi ikisema 04:30 siyo saa nne na nusu, ni saa kumi na nusu alfajiri. Mbaya zaidi ni ile ya 00:30 tarehe 15. Hiyo ni saa sita na nusu, usiku wa KUAMKIA tarehe 15. Maana yake tarehe 14 saa tatu na nusu usiku uwe ushafika uwanjani. Ukijipanga kwenda tarehe 15 usiku, mwenzako ndege ilishaondoka jana, na tiketi nyingi za bei poa hazirudishi hata senti.

Wanaounganisha Addis Ababa, njia yao yote ni kama kilomita 4,280, yaani nyongeza ya 320 hivi tu. Kinachokula muda ni kukaa kule kusubiri ndege ya pili, inaweza kuwa masaa 2 au usiku kucha. Kabla hujashangilia bei, soma muda wa safari nzima.

Mwisho, kaunta za mizigo kwa kawaida zinafungwa saa 1 kabla ya kuruka. Na dereva teksi mwambie kabisa akupeleke jengo la tatu, lile lililofunguliwa 2019, asije akakushusha la zamani ukaanza kukimbia na begi la kilo 30.