Cheche ya Kuazima

Barabara inayotoka Himo kwenda Marangu hupanda bila kupumzika. Huacha nyuma uwanda wenye vumbi na joto, ikaingia kwenye migomba na kahawa, na kila kona ipindwapo hewa huzidi kupoa. Kwa mwenye pikipiki kuukuu njia hii ni mtihani. Aghalabu injini huondoka Himo ikivuma vyema, ikafika katikati ya mlima ikaanza kukohoa, kisha ikanyamaza. Mafuta yamo, hewa inaingia, plagi ni safi. Mwenyewe akikaa kivulini kwa kitambo na kujaribu tena, huwaka kana kwamba halikuwapo lililotokea. Akisogea mbele kidogo, huzima kama mwanzo. Fundi mzoefu hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba huenda koili imechoka: ngozi ya waya zake za ndani imeharibika, na joto likizidi umeme hupotea njiani kabla ya kuwa cheche. Dawa yake ni koili nyingine. Kama dukani haipo, hufunguliwa kwenye pikipiki iliyokufa ikafungwa kwenye iliyo hai.

Kwa apitaye njia, hilo ni jambo dogo la bisibisi na spana. Lakini cheche hiyo ina historia, na sehemu yake moja iliandikwa papo hapo, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa damu ya watu wengi.

Koili yenyewe ni kitu cha hekima iliyofichika. Ndani yake mna kiini cha chuma laini kilichozungushiwa waya mbili za shaba: mmoja mnene wa mizunguko michache, na mwingine mwembamba kama unywele wa mizunguko maelfu. Umeme wa betri hupita katika waya mnene na kukifanya kiini kuwa sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, sumaku huporomoka, na katika waya mwembamba huzuka nguvu ya volti 10,000 au hata 20,000, yenye uwezo wa kuruka pengo la plagi na kuwasha mafuta. Kwa hiyo cheche haizaliwi umeme unapopita, huzaliwa unapokatwa. Kazi ya kukata hufanywa na vibao viwili vidogo ambavyo mafundi huviita pointi. Msingi wa elimu hii uliwekwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831, na katika miaka ya 1850 Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris, alisifika kwa koili zake zilizotoa cheche ndefu za kustaajabisha.

Pikipiki za mwanzo wa karne ya 20, hata hivyo, nyingi hazikutegemea betri. Zilitumia magneto, chombo chenye sumaku na koili pamoja, kinachojizalishia umeme wake kwa kuzungushwa na injini. Bwana wa chombo hicho alikuwa Robert Bosch wa Stuttgart. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alikamilisha magneto ya nguvu kubwa pamoja na plagi yake, na katika miaka michache bidhaa hiyo ikaenea Ulaya nzima. Uingereza ilijenga magari na pikipiki za fahari, lakini moto wake iliununua Ujerumani. Vita vilipozuka Agosti 1914, Waingereza walitanabahi kuwa cheche inayowasha magari yao, na hata ndege zao, ilikuwa ikitoka kwa adui. Ikawabidi waanze upesi kutengeneza magneto zao wenyewe.

Vita hivyo vilifika Kilimanjaro. Machi 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliongoza majeshi ya Kiingereza kutoka upande wa Taveta. Usiku wa tarehe 11 palipiganwa vikali katika vilima vya Latema na Reata, na siku mbili baadaye Moshi ikatwaliwa. Himo, mji wa chini ya Marangu, ukawa katika njia ya majeshi. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walirudi nyuma kuelekea Kahe na bonde la Pangani. Miongoni mwa waliokuja na Smuts walikuwamo askari wa pikipiki kutoka Afrika Kusini na matarishi waliobeba barua za makamanda. Pikipiki ilithaminiwa kwa sababu iliyo wazi: farasi na nyumbu walikuwa wakifa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o, na chuma hakiugui nagana.

Wajerumani nao walikuwa na magari machache, ila bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza. Katika vita vyote ni meli mbili tu za shehena zilizopenya: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza karibu na Tanga mwaka 1915, na Marie, iliyoingia Sudi, kusini ya Lindi, mwaka 1916. Waliobaki nyuma ya kizuizi hicho walijifunza kubadili kila kitu. Hata mafuta ya magari walijaribu kuyapata kwa mbata, nazi ile ile iliyozoeleka pwani kwa sabuni na taa. Katika hali kama hiyo gari moja bovu huwa ghala la vipuri vya mengine, na hapana chuma kinachotupwa.

Kisha masika yakaanza. Udongo wa chini ya mlima ukageuka uji. Magari yakazama na pikipiki zikasukumwa badala ya kupandwa. Magneto ikiingia maji haitoi cheche. Hapo majenerali wa pande zote mbili wakarejea kwenye chombo kisichohitaji moto wala mafuta: kichwa na mabega ya Mwafrika. Wapagazi walibeba risasi, unga na majeruhi kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji na kuendelea. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja vifo vya wapagazi vilivyozidi 40,000, na wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Wengi waliuawa na njaa, kuhara damu na malaria, si risasi. Kumbukumbu yao iko midomoni mwa watu kila siku, ingawa wachache huitambua: Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la lile jeshi la wapagazi lililopiga kambi pale baada ya mji kutekwa Septemba 1916. Mashine iliposhindwa, mtu ndiye aliyefanywa kipuri.

Baada ya vita utawala ukawa wa Waingereza, na kahawa ikawa uti wa mgongo wa Uchagga. Chama cha wakulima kilichoanza mwaka 1925 kilizaa KNCU mwaka 1933. Katika barabara za mlimani zilipita pikipiki za Kiingereza, kama vile BSA na Triumph. Ndipo historia ikafanya mzaha wake. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, washindi walijitwalia michoro ya pikipiki ndogo ya Kijerumani, DKW RT 125. Waingereza wakaigeuza kushoto kulia, wakaiita BSA Bantam na kuitoa mwaka 1948. Wamarekani wakaijenga kwa jina la Harley-Davidson, Warusi wakaijenga Moscow, na mwaka 1955 kampuni ya Yamaha ya Japani ikaanza maisha yake ya pikipiki kwa YA-1, iliyofuata umbo lile lile. Kwa hiyo Yamaha kuukuu na Bantam kuukuu zinapolala ubavu kwa ubavu chini ya mwembe wa fundi, hazikukutana kama wageni. Ni binamu waliotawanywa na vita, na mababu zao ni wamoja.

Binamu hao walihitajiana zaidi baada ya Uhuru. Mapema mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Holili na Taveta ziko jirani na Himo, lakini njia iliyoleta vipuri kutoka Mombasa na Nairobi ikawa njia ya magendo. Oktoba 1978 vita vya Kagera vilianza, fedha za kigeni zikaadimika, na maduka yakabaki na rafu tupu. Mwaka 1983 ilipopita kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, hata mwenye bidhaa halali alikuwa na wasiwasi wa kuionyesha. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao. Katika miaka hiyo saba ya dhiki, mganga wa kijiji asiyekuwa na koili alitembea kwa miguu, na mgonjwa alimsubiri. Kubadilishana vipuri hakukuwa mchezo wa wapenda vitu vya kale. Kulikuwa njia ya kuishi.

Wala hakukuwa kubahatisha. Azima isiyo na elimu huunguza. Pikipiki ndogo za zamani nyingi zilikuwa za volti 6, na zilizofuata za volti 12. Koili ya volti 6 ina ukinzani mdogo. Ikifungwa kwenye betri ya volti 12 hunywa umeme kupita kiasi, ikachemka na kuziunguza pointi. Ya volti 12 kwenye betri ya volti 6 haiungui, ila cheche yake ni dhaifu na injini huwaka kwa shida. Nyaya zikigeuzwa, cheche hupatikana, lakini huruka kwa taabu zaidi, na taabu hiyo hudhihirika mlimani. Kondensa nayo, kile kikopo kidogo kinacholinda pointi, lazima iwe nzima, la sivyo koili njema itasingiziwa ubaya. Na ipo aina ambayo haiazimwi kabisa na injini za pointi: koili ya pikipiki za siku hizi, ambazo umeme wake hulimbikwa kwanza katika kapasita na kumwagwa kwa mkupuo mmoja wa mamia ya volti. Kwa sura zinafanana. Kwa tabia ni watu wa mbali. Msomaji wa mashairi hatashangaa. Neno zuri la shairi moja halihamii katika shairi jingine kwa uzuri wake tu. Lazima liingie katika mizani na lipatane na vina.

Mafundi wengi wa Moshi na Marangu walioyajua haya hawakuyasoma chuoni. Waliyajua kwa kidole kilichopigwa na umeme, kwa kuigusa koili na kupima joto lake, kwa kuitazama cheche gizani: ya buluu inayolia ni nzima, ya njano iliyolegea ni mgonjwa. Tangu bodaboda zienee, nyingi zikiwa za kutoka China na India, koili huuzwa madukani, na wengi huona afadhali kununua kuliko kuchunguza. Hilo si baya. Ila elimu isiyotumika husahaulika haraka, na hii haikuandikwa.

Jina la Smuts limo katika kila kitabu cha vita vile, na jina la Bosch bado limechapwa kwenye maboksi ya plagi. Wapagazi walipewa mtaa bila ya majina yao. Mafundi hawakupewa hata mtaa. Lakini cheche iliyoletwa mlimani na majeshi mawili ya kigeni, ikazimwa na matope, ni wao walioiwasha upya na kuifanya mali ya wenyeji, wakiitoa kwenye injini iliyokufa na kuipa iliyo hai. Wazee waliofanya kazi hiyo katika miaka ya dhiki wangali wapo wachache. Anayetaka kuiandika historia yao na aende akawaulize sasa, angali anaweza kujibiwa.