Kisukari wakati wa Korona, Kibera na Kawangware

Korona ilipothibitishwa Kenya Machi 2020, wagonjwa wa kisukari walihesabiwa mara moja miongoni mwa walio hatarini zaidi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hudhoofisha kinga na kuharibu mishipa ya damu, na maambukizi yenyewe huipandisha zaidi. Hata deksamethasoni, dawa iliyookoa wengi waliohitaji oksijeni, hupandisha sukari.

Katika Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambako wengi hula walichokipata siku hiyohiyo, madhara yalianzia jikoni. Vibarua vilikatika. Kina mama waliozoea kufua nguo katika nyumba za mitaa ya kitajiri walikosa kazi, kwa kuwa wenye nyumba waliogopa kuambukizwa. Tarehe 10 Aprili 2020 watu walikanyagana Kibera wakigombea chakula cha msaada. Sasa, anayetumia insulini hupima dozi kwa kutazama sahani. Akijidunga kisha akose chakula, sukari hushuka: hutetemeka, hutokwa jasho, pengine huzimia. Akiruka sindano, sukari hupanda, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaweza kuzidiwa na asidi ya ketoni kwa siku moja au mbili tu. Na chakula cha bei nafuu ndicho kinachopandisha sukari: ugali mtupu, mandazi, chai ya sukari. Kumwambia mgonjwa kama huyo kwamba hafuati masharti ni kumwonea.

Kufika kliniki nako kukawa mtihani. Matatu ya abiria 14 ilitakiwa kubeba 8, nauli zikapanda. Hospitali ya Mbagathi, jirani ya Kibera, ilipokea wagonjwa wa korona waliotengwa, na hofu ya kuambukizwa hospitalini ilikuwa kubwa. Kafyu ya usiku iliyoanza 27 Machi 2020 ilidumu hadi 20 Oktoba 2021. Mtu aliyezidiwa usiku alitegemea jirani mwenye ujasiri wa kutoka. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa hospitali za umma waligoma.

Mgonjwa wa vidonge aweza kupewa dawa ya miezi mitatu, akapunguza safari. Insulini haikubali hivyo. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwa nyuzi 2 hadi 8, na nyumba nyingi za mabati hazina friji. Iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne ikiepushwa na joto kali. Chungu cha udongo chenye maji husaidia kuipoza.