Hutoana Wawili, Hutoka Mmoja: Mtoano wa Vijana wa Ulaya

Kiswahili kina ukoo mkubwa wa nomino zilizozaliwa na vitenzi vya kutendana. Kutana imetupa mkutano, pambana, mpambano, gongana, mgongano, chuana, mchuano. Katika ukoo huo ndimo lilimo neno mtoano, ambalo watangazaji na waandishi wa michezo wamelisambaza hata likawa mali ya kila mtu. Kiini chake ni toa, kikapachikwa -an- ya kutendana, kikafungwa kwa -o. Kisarufi, basi, mtoano ni tendo la wawili wanaotoana, kila mmoja akimtoa mwenziwe. Uwanjani haiwi hivyo hata siku moja. Hutoana wawili, hutoka mmoja.

Waingereza kwa jambo hilohilo waliazima msamiati wa ndondi, wa mtu aliyepigwa akaanguka asiinuke. Sisi tulichukua kitenzi cha nyumbani, kile tunachokitumia kwa sadaka na kwa mwiba. Naona chetu kina adabu zaidi: hakisemi kwamba aliyetolewa ameumia, kinasema tu kwamba hayumo tena.

Napenda kulipima neno hili kwa historia ya shindano ambalo mashabiki wengi hulipita mbio wakienda kutazama la wakubwa: Ligi ya Vijana ya UEFA, ya timu za klabu za Ulaya kwa wachezaji wasiozidi miaka 19. Jina lake ni ligi, lakini uhai wake umo katika hatua ya mtoano. Tena nadai kwamba mtoano ndio uliolitoa shindano hilo katika urithi wa wakubwa na kulifanya la vijana wenyewe.

Urithi nausema kwa maana yake kamili. Shindano lilipoanza, msimu wa 2013–14, lilikuwa na timu 32, na zote ziliingia kwa tiketi ya kaka zao. Klabu ambayo kikosi chake cha wakubwa kilifuzu makundi ya Ligi ya Mabingwa ndiyo iliyopata nafasi ya kuingiza vijana wake. Makundi yalikuwa yaleyale, safari zilezile, wapinzani walewale. Kijana aliyekuwa bingwa wa nchi yake katika klabu ambayo wakubwa wake hawakufuzu alibaki nje akisikia habari. Ilikuwa kama kumpa mtu nafasi ya kughani ukumbini kwa sababu babake ni mshairi.

Ila katika jambo moja watunga kanuni hawakuwaiga wakubwa. Wakubwa hutoana kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini, hata mwenye kuteleza leo ana kesho ya kujirekebisha. Vijana walipewa mechi moja tu. Na dakika 90 zikiisha bila mshindi hakuna muda wa nyongeza: ni mikwaju ya penalti papo hapo. Lugha yetu ya michezo hutofautisha sare na suluhu, sare ikiwa ya mabao na suluhu ikiwa ya bila kwa bila. Na suluhu, kama tunavyojua, asili yake ni mapatano baada ya ugomvi. Mtoano wa vijana haukubali mapatano. Ukiyafikia, hupelekwa kwenye matuta. Hilo nalo ni neno la kutafakari, kwani tuta la mkulima ni udongo ulioinuliwa ili mche upate kushika mizizi, nasi tunawaita vijana chipukizi. Chipukizi wangapi wameng'olewa palepale tutani!

Waliosalimika hadi timu nne mara nyingi wamekutana Nyon, mji mdogo wa Uswisi kando ya Ziwa Geneva, ambao zamani za Warumi ulikuwa makazi ya askari wastaafu wa Julius Caesar, na leo ni makao makuu ya UEFA. Uwanja wa Colovray uko mkabala na ofisi za shirikisho. Ni uwanja wa kawaida, hauna fahari ya Wembley wala Bernabéu. Kikombe kinachogombaniwa hapo kina jina la Lennart Johansson, Msweden aliyeiongoza UEFA kuanzia 1990 hadi 2007.

Fainali ya kwanza ilichezwa tarehe 14 Aprili 2014, Barcelona wakawafunga Benfica ya Lisbon 3–0. Mawili kati ya mabao hayo yalikuwa ya Munir El Haddadi, na moja alilipiga kutoka karibu na mstari wa katikati ya uwanja, mpira ukapaa juu ya kipa na kutua wavuni. Alimaliza shindano akiwa na mabao 11, mfungaji bora. Miezi minne baadaye alikuwa katika ligi kuu ya Hispania na timu ya wakubwa, akafunga katika mechi yake ya kwanza. Mwezi uliofuata, Septemba 2014, aliitwa katika timu ya taifa ya Hispania, akaingizwa dhidi ya Makedonia mchezo ukielekea mwisho, akacheza kiasi cha dakika 13.

Dakika hizo 13 zilimfunga mikono kwa miaka zaidi ya sita. Munir alizaliwa Hispania katika familia yenye asili ya Moroko, na Hispania haikumwita tena. Alipotaka kuichezea Moroko aliambiwa kwamba mechi ile ilikuwa ya mashindano rasmi, basi hawezi kubadili taifa. Alikata rufaa katika mahakama ya usuluhishi wa michezo, akashindwa mwaka 2018. Mlango ulifunguka baada ya FIFA kulegeza kanuni hiyo mwaka 2020, na mwaka 2021 ndipo alipoivaa jezi ya Moroko. Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu kijana huyu, aliyelifunga lile bao la mbali, hakutolewa na mpinzani yeyote pale Nyon. Aliyemtoa alikuja baadaye, kwa kalamu.

Misimu miwili iliyofuata ilikuwa ya Chelsea. Mwaka 2015 waliwashinda Shakhtar Donetsk 3–2, na Dominic Solanke akamaliza na mabao 12. Mwaka 2016 wakawashinda Paris Saint-Germain 2–1. Hao Shakhtar walikuwa vijana wa klabu isiyocheza tena mjini kwake, kwani vita vilikuwa vimeihamisha kutoka Donetsk tangu mwaka uliotangulia. Zaidi ya hayo sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo. Klabu tajiri ilikuwa na vijana wazuri, ikashinda.

Jambo kubwa lilitendeka mezani. Kuanzia msimu wa 2015–16 idadi ya timu iliongezwa kutoka 32 hadi 64, na mlango wa pili ukafunguliwa: njia ya mabingwa wa nchi. Sasa timu ya vijana iliyotwaa ubingwa wa vijana nyumbani kwake iliweza kuingia kwa jasho lake, hata kama wakubwa wa klabu hiyo walikuwa hawana habari na Ligi ya Mabingwa. Mabingwa hao walipunguzana hadi wakabaki wanane, kisha wakakutanishwa na timu nane zilizoshika nafasi ya pili katika makundi ya warithi. Hatua hiyo iliitwa mchujo, na mabingwa walipewa haki ya kuwakaribisha warithi nyumbani kwao.

Matunda yake yalionekana katika msimu wa pili tu. Red Bull Salzburg ya Austria, ikifundishwa na Marco Rose, ilipita mlango huo wa pili. Katika mchujo iliwakaribisha Manchester City, wakatoka 1–1, na Salzburg wakashinda kwa matuta. Laiti kungekuwa na mechi ya marudiano kule Manchester, pengine hadithi ingeishia hapo. Haikuwapo. Salzburg wakawafunga Paris Saint-Germain 5–0, wakawatoa Atlético Madrid, wakafika Nyon na kuwatoa Barcelona 2–1. Fainalini, tarehe 24 Aprili 2017, Benfica walitangulia kufunga. Kipindi cha pili Salzburg walisawazisha, kisha Alexander Schmidt akafunga la ushindi.

Aliyesawazisha alikuwa Patson Daka wa Zambia. Kijana huyu alikuwa na mwaka usio wa kawaida. Mwezi Machi 2017 nchi yake, ikiwa mwenyeji, ilitwaa Kombe la Afrika la vijana wa chini ya miaka 20 kwa kuwafunga Senegal fainalini, naye akateuliwa mchezaji bora wa mashindano. Wiki sita baadaye alikuwa Nyon, akiirudisha Salzburg mchezoni. Katika kikosi hicho walikuwamo pia Mzambia mwenzake Enock Mwepu na Amadou Haidara wa Mali. Daka na Haidara walipanda wakafika ligi kubwa za Uingereza na Ujerumani. Mwepu naye alifika Brighton ya Uingereza mwaka 2021, na Oktoba 2022, akiwa na miaka 24, akalazimika kuacha soka baada ya madaktari kumkuta na ugonjwa wa moyo wa kurithi. Ni ajabu ya lugha kwamba neno ninalolilaumu tangu mwanzo wa makala, urithi, hapa limegeuka na kuwa zito kuliko nilivyolikusudia.

Turudi kwa Benfica, maana hao ndio wanaonivuta zaidi katika historia hii yote. Walishindwa fainali ya kwanza, 2014. Wakashindwa hiyo ya 2017. Wakarudi mwaka 2020, mwaka wa korona, shindano liliposimamishwa na hatua za mwisho zikamaliziwa Nyon mwezi Agosti bila mashabiki. Real Madrid, wakifundishwa na Raúl, mshambuliaji wao wa zamani, waliwashinda 3–2; Gonçalo Ramos aliwafungia Benfica yote mawili, tena walipata penalti ambayo kipa wa Madrid aliiokoa. Fainali tatu, wametoka mikono mitupu mara tatu.

Wasomaji wa mashairi wanajua kwamba katika malumbano hakuna anayetolewa. Mshairi akichapwa leo, hukaa na kalamu yake, akajibu kesho kwa mizani ileile na vina vikali zaidi. Mtoano wa mpira haumpi mtu nafasi hiyo, kwani mchezaji wa miaka 18 aliyeshindwa fainali hatarudi. Akirudi, umri utakuwa umempita. Klabu ndiyo inayoweza kulumbana, ikijibu kwa vinywa vya wengine. Msimu wa 2020–21 shindano lilifutwa kwa sababu ya maradhi, likawapoka vijana wa rika zima nafasi yao, wala hakuna aliyewalipa. Mwaka uliofuata Benfica walifika tena Nyon. Nusu fainali na Juventus iliishia 2–2, wakapenya kwa matuta. Kisha, tarehe 25 Aprili 2022, wakawafunga Salzburg, walewale wa 2017, mabao 6–0. Henrique Araújo alifunga matatu. Jibu la miaka minane lilikuja kwa sauti hiyo. Mmoja wa walinzi wa kikosi hicho, António Silva, mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa katika kikosi cha Ureno kwenye Kombe la Dunia nchini Qatar.

Kuanzia hapo mlango wa pili uliwazidi nguvu wa mlango wa kwanza. Mwaka 2023 fainali ilihamishiwa uwanja mkubwa zaidi wa Geneva, na kwa mara ya kwanza waliokutana wote wawili walikuwa wamepitia njia ya mabingwa wa nchi: AZ Alkmaar ya Uholanzi na Hajduk Split ya Kroatia. Alkmaar, mji ambao wageni wengi huujua kwa soko lake la jibini, uliwafunga Barcelona 3–0 na Real Madrid 4–0 njiani. Hajduk nao walikuwa wamewatoa Manchester City, Borussia Dortmund na Milan. Alkmaar walishinda fainali 5–0. Msimu uliofuata ulikuwa wa Olympiacos ya Ugiriki: wakapita nusu fainali kwa matuta mbele ya Nantes, kisha wakawafunga Milan 3–0 tarehe 22 Aprili 2024, mabao yote yakiwa ya kipindi cha pili. Hapajawahi kuwa na klabu ya Ugiriki iliyotwaa kombe la UEFA kabla ya vijana hao. Wakubwa wao walifuata tarehe 29 Mei, walipoichukua Conference League mjini Athens kwa kuwafunga Fiorentina 1–0. Kwa wiki tano, basi, ndani ya klabu ile kaka ndio waliokuwa wakiwatazama wadogo zao.

Msimu wa 2024–25 makundi yaliondolewa. Warithi wakawa 36, wakicheza mechi sita kila mmoja, na 22 wao wakasonga mbele. Mabingwa wa nchi walipewa nafasi kumi, jumla ikawa 32 wa kutoana tangu mwezi Februari. Mmoja wa wale kumi, Trabzonspor kutoka pwani ya Bahari Nyeusi nchini Uturuki, aliwatoa Juventus, Atalanta na Inter, timu tatu za Italia kwa mfululizo, na kufika fainali.

Huko Nyon, tarehe 28 Aprili 2025, Trabzonspor walimkuta mrithi mkubwa kuliko wote. Barcelona walishinda 4–1, kikombe chao cha tatu baada ya 2014 na 2018. Wengi wa waliokinyanyua walikuwa na miaka saba au minane siku ile Munir alipoupiga mpira kutoka katikati ya uwanja huohuo.