Vyeti vya kitaaluma vya wapiga picha

Cheti cha kitaaluma cha mpiga picha ni uthibitisho unaotolewa na chama au chombo cha ufundi baada ya kumpima mtu ujuzi wake. Si sawa na leseni ya biashara, ambayo kwa kawaida haiulizi kama mwombaji anajua kushika kamera. Katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kuuza picha bila kuvunja sheria, kwa hiyo wengi hukitafuta cheti kwa hiari, kwa matumaini kwamba kitawaletea kazi.

Kinachojulikana zaidi Marekani ni cha Certified Professional Photographer, kinachoendeshwa na chama cha Professional Photographers of America (PPA), chenye makao Atlanta. Mtahiniwa hujibu maswali 100 ya kuchagua kuhusu mwanga, lenzi, rangi na mengineyo ya fani, kisha picha zake hukaguliwa. Cheti huhuishwa kila baada ya miaka 3 kwa kuonyesha kwamba mwenyewe ameendelea kujifunza.

Faida yake kibiashara inatokana na tabia ya kazi yenyewe. Harusi hairudiwi ili picha zipigwe upya, na mteja hutoa malipo ya awali kabla ya kuona chochote. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, hulipa bei ya wastani, na muuzaji wa kizuri hukata tamaa akaondoka sokoni. Leseni na vyeti ni miongoni mwa tiba alizozitaja.

Ndiyo maana cheti humfaa zaidi mpiga picha asiyejulikana: aliyehamia mji mpya, au anayeomba kazi kwa kampuni ambayo ofisa wake wa manunuzi lazima aeleze kwa maandishi kwa nini amemchagua huyu na si yule. Bibi harusi aliyekwisha kuona albamu ya dada yake hana haja ya kuuliza cheti. Vyama hupenda kusema kwamba cheti hupandisha bei. Ukweli ulio karibu zaidi ni kwamba hupunguza ubishi juu ya bei. Pia kuna faida isiyotangazwa sana: anayejiandaa kwa mtihani hulazimika kuziba mapengo ya ujuzi wake, na picha iliyopigwa sawasawa haimli saa nyingi za kurekebisha kwenye kompyuta.

Ujerumani ilikuwa na utaratibu mkali zaidi. Hadi mwisho wa 2003, kwa kawaida aliyetaka kuendesha studio yake alihitaji daraja la Meister, yaani fundi mkuu. Kuanzia Januari 2004 sharti hilo liliondolewa kwa fani nyingi, upigaji picha ukiwemo, kwa kuwa kigezo kikubwa kilikuwa hatari kwa maisha na afya: waya uliofungwa vibaya huua, picha mbaya haiui. Sharti liliporejeshwa kwa fani 12 mwaka 2020, wapiga picha hawakuwemo. Hata hivyo daraja hilo bado linatolewa kwa hiari, na sehemu moja ya mtihani wake inahusu kufundisha wanagenzi, jambo linaloipa studio njia ya kulea wafanyakazi wake yenyewe.

Uingereza ina Royal Photographic Society, iliyoanzishwa mwaka 1853. Madaraja yake yako wazi hata kwa wasiopiga picha kwa malipo, hivyo huleta heshima kuliko mikataba.

Faida huwa kubwa zaidi pale sheria inapoingia. Tangu 2016, anayerusha droni kupiga picha za biashara Marekani lazima awe na cheti cha mamlaka ya anga, FAA, au asimamiwe moja kwa moja na aliye nacho; bila hivyo haruhusiwi kuifanya kazi hiyo. Mtihani wake wa maswali 60 unahusu anga, hali ya hewa na kanuni za urushaji. Ubora wa picha haumo.