Kugawa Ukurasa wa Wavuti: Safari ya Sehemu na Majina Yake

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani hatuna budi kuutazama ukurasa wa wavuti kama matini nyingine yoyote: una sehemu, na kila sehemu ina kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi sehemu hizo zilivyopata majina.

Kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee, zilizotoka CERN mwaka 1991, zilikuwa na vichwa, aya na viungo. Netscape ilipoleta majedwali mwaka 1995, wasanifu waliyateka: chombo cha kupangia takwimu kikawa cha kupangia ukurasa mzima, menyu kushoto, habari katikati. Fremu zilifuata, nazo zililipasua dirisha moja likabeba kurasa kadhaa, hata ikawa shida kumpa mwenzio anwani ya kile ulichokisoma. Kwa maoni yetu zilistahili kuondoka.

Mwaka 1997 HTML 3.2 ilirasimisha kisanduku kiitwacho div. Kisanduku hiki hakisemi lolote juu ya kilichomo. Kila mtunzi hukibandika jina alipendalo. Viunzi vya programu vilisaidia kuleta nidhamu. Django, iliyozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, humwezesha mtunzi kuandaa kiolezo kimoja chenye nafasi zilizopewa majina. Kurasa nyingine hujaza nafasi hizo tu. Anayerekebisha sehemu ya chini huirekebisha mahali pamoja.

Mwaka huohuo wa 2005 Ian Hickson wa Google alichunguza kurasa zaidi ya bilioni moja. Miongoni mwa majina ya visanduku yaliyotumika mno yalikuwamo yenye maana ya kijachini, menyu na kichwa. HTML5, iliyoidhinishwa Oktoba 2014, ina vitambulisho rasmi vya sehemu hizo. Wanaistilahi wa Kiswahili aghalabu hutunga kwanza, kisha wakangoja wazungumzaji wakubali. Huku matumizi yalitangulia.

Anayefaidika zaidi ni msomaji asiyeona. Programu inayomsomea skrini, ikikuta menyu iliyotambulishwa, humruhusu airuke na kuifikia habari yenyewe. Vitambulisho vyenyewe vimebaki vya Kiingereza, lakini lebo inayosomwa kwa sauti yaweza kuandikwa “Menyu kuu”, na ukurasa ukatangazwa kwa alama sw kuwa ni wa Kiswahili.