Makupa, Mlango wa Kisiwa

Mji wa Mombasa umekaa juu ya kisiwa, na kila kisiwa kina mlango wake. Watu wengi hudhani kwamba mlango wa Mombasa ni bandari, kwa kuwa majahazi na meli zimeingia humo tangu karne nyingi. Lakini uko mlango wa pili, upande wa magharibi, nao ni Makupa. Hapo mkono wa bahari ulikuwa mwembamba na wenye kina kidogo, hata maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara.

Urahisi huo ulikuwa neema wakati wa amani, na msiba wakati wa vita. Mwaka 1589 Wazimba, watu wa vita waliotoka kusini, walipiga kambi ng'ambo ya Makupa wakitaka kuvuka. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa rafiki wa watu wa Mombasa, aliweka merikebu mbili kukilinda kivuko. Mara zikatokea manowari za Wareno kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, wakazishinda merikebu za Waturuki. Kivuko kikabaki bila mlinzi. Mwezi wa Machi Wazimba wakavuka na kuingia kisiwani, na wenyeji wakakimbilia pwani, ambako Wareno walikuwa wakiwangoja. Mbele maji, nyuma mikuki: hawakuwa na pa kwenda. Miaka minne baadaye Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu. Hata hivyo walijua kwamba ngome haitoshi ikiwa Makupa ni wazi, wakajenga vigome huko pia.

Karne tatu zikapita. Mwaka 1896 reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa, na kazi moja ya kwanza ilikuwa kuuvuka mkono ule ule wa bahari. Likajengwa daraja la miti la muda, kisha daraja la chuma lililopewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza. Mwaka 1901 reli ikafika ziwa la Viktoria, na mahali palipopita mikuki pakapita pamba na kahawa.

Mwaka 1929 likajengwa tuta, na wasafiri wakapita pakavu. Walakini kila jambo jema lina gharama yake. Tuta lilizuia maji ya Tudor yasionane na yale ya Kilindini, kama mtu azibaye mshipa wa mwili. Kwa muda wa zaidi ya miaka tisini maji ya kujaa na kupwa hayakupata njia hapo. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya, na kusudi lake moja lilikuwa kuyapa maji njia yake ya asili.

Leo Makupa ina mzunguko wa barabara, kituo cha polisi, maduka, na kelele za matatu. Abiria hupita bila kutazama nje. Ewe msomaji, siku upitapo hapo, tazama maji yaliyo chini yako. Wazee wetu walijifunza kwa damu kwamba mlango usiolindwa huangamiza nyumba. Nasi tumejifunza polepole kwamba mlango ulioshindiliwa kabisa nao hudhuru. Mwenye busara hujua wakati wa kufunga na wakati wa kufungua.